Jaribu Ufito Wako Kabla Mafunjo ya Naivasha Hayajaujaribu

Ufito wangu wa kwanza wa kuvulia, wa kazi nzito, ulivunjika Ziwa Naivasha saa moja kasorobo asubuhi, na samaki aliyeuvunja hakufika kilo mbili. Uzito wake naujua kwa sababu tulimpata. Nahodha aliushika mshipi kwa mkono, akamtoa polepole kwenye mafunjo huku mimi nimeduwaa na mpini mtupu.

"Mwanangu, huyo si samaki uliyekuwa unamvuta," aliniambia. "Ulikuwa unavuta shamba."

Kweli tupu. Besi, samaki mwindaji wa maji baridi, alikuwa amejizungusha kwenye mashina ya mafunjo, amebeba na fungu la magugu maji, nami nikauinua ufito wima kama mtu anayetweka bendera.

Besi wawili wanaoshikilia rekodi ya dunia, yule aliyevuliwa na George Perry huko Georgia, Marekani, mwaka 1932, na yule wa Manabu Kurita katika Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009, kila mmoja alipita kilo 10 kidogo tu. Hapa kwetu ukipata wa kilo mbili unapiga picha. Sasa mshipi wa ratili 50 au 65, yaani kilo 23 hadi 29, ni wa nini? Ni wa makao yake. Besi aliletwa Naivasha kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920. Mwaka 1970 akaletwa kamba wa maji baridi mwenye asili ya Marekani pia, na besi akampenda kama chakula cha nyumbani. Magugu maji nayo yakaingia katika miaka ya 1980, asili yake Amerika Kusini. Ukoo mzima wa wahamiaji umekutana ugenini, ukajificha chini ya mafunjo ambayo ndiyo wenyeji pekee katika hadithi hii. Tangu maji yalipopanda miaka ya 2019 na 2020, ongeza migunga iliyosimama majini ikiwa mikavu, matawi yake yakisubiri ndoano yako.

Kwa hiyo majaribio haya yote hayapimi nguvu za samaki. Yanapima nguvu za shamba.

Tafuta mizani ya kuning'iniza inayofika kilo 25 (zile za kupimia mizigo ya ndege zinatosha), dumu la lita 5, chupa ya maji ya nusu lita, tepu ya kupimia, pamba, glavu za ngozi, miwani, na mtu wa kukusaidia. Miwani usiidharau. Mshipi ukikatika, ndoano hurudi ulikosimama wewe.

Hatua ya 1: Soma kilichoandikwa kwenye ufito

Juu kidogo ya mpini kuna maandishi madogo yanayotaja uzito wa mshipi kwa ratili na uzito wa chambo kwa wakia. Ratili moja ni gramu 454, wakia moja ni gramu 28. Kwa mafunjo mimi hutafuta ufito wa mita 2.1 hadi 2.3, unaobeba chambo cha hadi wakia moja na nusu. Neno lile la Kiingereza "heavy", yaani mzito, lisikulevye, maana kila kiwanda kina mzito wake. Hakuna kipimo kimoja wanachokifuata wote. Ndiyo maana hatua ya 6 ipo.

Hatua ya 2: Pitisha pamba kwenye pete

Chukua kipande cha pamba, kizungushe ndani ya kila pete kuanzia ya chini hadi ya nchani. Ikibaki hata nyuzi moja imenasa, hapo pana ufa. Jicho halitauona, lakini mshipi utaukuta kila unaporusha, na utakatika siku ambayo hukuitaka. Pete ya nchani ndiyo huumia zaidi, hasa ufito ukisafiri nyuma ya gari bila mfuko. Dakika tatu, umemaliza.

Hatua ya 3: Jaza rili ipasavyo

Mshipi uliosukwa huteleza kwenye chuma laini cha kigurudumu cha rili, kile kifaa cha kuviringishia mshipi. Anza na mizunguko kumi ya nailoni ya kawaida, kisha unganisha mshipi wako juu yake. Unapoujaza, msaidizi aushike kwa kitambaa kibichi na kuuvuta kwa nguvu, ulale umekaza. Ukijazwa kwa ulegevu, siku ya mvuto mkubwa utajichimbia katikati ya mizunguko mingine, na ukirusha tena chambo kinakwama angani na kukurudia.

Hili la nailoni nililijifunza kwa aibu. Niliwahi kurudisha rili dukani nikilalamika kwa sauti kwamba breki yake, ile inayozuia mshipi usitoke ovyo, haishiki, eti hata nikiibana hadi mwisho mshipi unatoka. Kijana wa duka akatia alama ya kalamu kwenye kigurudumu na nyingine kwenye mshipi, akavuta. Alama ya kigurudumu haikusogea hata kidogo. Mshipi ndio uliokuwa ukizunguka juu yake. Breki ilikuwa nzima kabisa. Nililipia nailoni nikaondoka bila kudai chenji.

Hatua ya 4: Vunja mafundo nyumbani

Hapa ndipo wengi hupoteza samaki wakamsingizia mshipi. Kwa mshipi uliosukwa mimi hutumia fundo liitwalo Palomar, na karibu hilo tu. Kunja mshipi mara mbili upate kitanzi cha sentimita 15. Pitisha kitanzi kwenye tundu la ndoano. Funga fundo la kawaida lililolegea, ndoano ikiwa inaning'inia katikati. Kisha panua kitanzi, kivushe juu ya ndoano nzima, lowesha kwa mate, na uvute pande zote mbili taratibu. Usikate mkia karibu sana; acha milimita tano.

Sasa tundika ndoano kwenye msumari mnene au nguzo ya chuma. Upande wa pili wa mshipi uzungushe mara sita kwenye kipande cha mti na ukifunge kwenye mizani. Vaa glavu na miwani, simama kando ya mshipi, usiwe nyuma yake, kisha vuta. Kwa mshipi wa ratili 50 nataka fundo lishike kilo 10 bila kusogea. Nikifika hapo naendelea kuvuta hadi kitu kikatike, kwa sababu kilichokatika kina habari.

Tazama ncha ya mshipi uliobaki. Ikiwa imejikunja kama mkia wa nguruwe, fundo liliteleza: hukulikaza au hukulilowesha. Ikiwa imechanika na nyuzi zimetawanyika, mshipi wenyewe ulifika mwisho wake. Na ndoano ikinyooka kabla ya yote mawili, umejua kwamba unatumia waya mwembamba mahali pa waya mnene. Nilipofanya jaribio hili mara ya kwanza nilifunga mafundo kumi, manne yakateleza. Nilikuwa nimevua kwa miaka mitatu na mafundo hayo.

Hatua ya 5: Pima breki kwa dumu la maji

Lita moja ya maji ni kilo moja, na hiyo ndiyo mizani ambayo haihitaji betri. Simama mahali pa juu, ngazini au kwenye baraza. Elekeza ncha ya ufito chini kabisa, mshipi ushuke wima moja kwa moja kutoka kwenye rili. Ni muhimu: uzito uning'inie kwenye breki, usiukunje ufito. Funga dumu tupu mwisho wa mshipi, likae hewani nusu mita juu ya ardhi.

Msaidizi amimine maji kikombe kwa kikombe. Utasikia breki ikinung'unika kidogo, halafu itaachia. Mwambie asimame hapo hapo, soma maji yamefika wapi. Likishuka kwa lita 2, breki yako imelegea mno kwa mafunjo: besi atapiga mbio mita mbili tu na tayari amefunga shina. Mimi hukaza hadi dumu lililojaa, la lita 5, lishike kwa shida na kushuka polepole nikiligusa.

Lakini namba si habari yote. Angalia linavyoshuka. Breki nzuri hulishusha dumu kama ndoo ya kisima iliyo mikononi mwa mtu mzima. Breki mbaya hushika, inashika, halafu inaachia ghafla kwa kishindo, tena inashika. Kishindo hicho ndicho hukata mishipi. Ikiwa yako iko hivyo, huenda ina grisi kuukuu au visahani vimelika. Fungua, safisha, badilisha.

Kumbuka pia kwamba ufito ukiwa umepinda, msuguano wa pete huongeza mvuto unaohitajika ili breki iachie. Kilo 5 za ngazini zitakuwa zaidi ya hapo ukiwa ziwani. Usizikaze tena.

Na kamwe usiinue dumu kutoka chini kwa ufito ili "kuona kama utaweza". Hautaweza, na duka halitakurudishia.

Hatua ya 6: Upinde ufito, kwa adabu

Kandamiza mpini mezani, ufito ulale sambamba na sakafu. Pima urefu kutoka sakafuni hadi nchani. Ning'iniza ile chupa ya nusu lita nchani, pima tena. Tofauti ndiyo ugumu wa ufito wako, kwa sentimita. Nina fito mbili zenye maandishi yale yale. Chupa hiyo moja huishusha ncha ya mmoja karibu mara moja na nusu ya mwenzake. Ule mgumu ni wa kuzamisha chubwi, ule uzito wa kushushia ndoano, kwenye magugu maji. Ule laini ni wa chambo cha chura wa plastiki, kwa sababu chura hutaka ncha inayocheza.

Baadaye funga mshipi kwenye nguzo, rudi nyuma hatua tano, vuta taratibu huku ufito umeinuliwa nusu ya njia kati ya chini na wima. Tazama unakopinda: mzigo uwe unashuka hadi karibu na mpini. Sikiliza. Mlio mdogo wa "tik" ni nyuzi za ndani zinazokatika. Ukiusikia, acha, afadhali uusikie uani kwako. Ufito usivuke wima, wala mkono wako usishike juu ya mpini wakati wa kuvuta. Ukishika juu, unaufupisha ufito, na nguvu yote inahamia sehemu nyembamba. Hivyo ndivyo nilivyouvunja wangu.

Hatua ya 7: Ziwani

Kata leseni ya uvuvi mapema, vaa jaketi la kuokolea maisha, na uondoke alfajiri. Mchana upepo wa Naivasha huamka na boti ndogo hucheza vibaya. Kuhusu viboko sina mjadala: nahodha akisema hatupiti hapo, hatupiti.

Anza na chambo kisicho na ndoano. Rusha mara ishirini mahali peupe, mkono uzoee uzito na rili itulie. Kisha funga chubwi ya gramu 28 hadi 42 na ndoano nene yenye kamba wa plastiki, uidondoshe kwenye zulia la magugu maji. Ikipenya mara moja, uzito unatosha. Ikikaa juu, ongeza. Ukihisi imegusa chini, inua kidogo, tulia, inua tena. Kwa chura wa plastiki juu ya magugu, maji yakilipuka usivute papo hapo. Hesabu moja, mbili, ndipo upige. Wageni wengi humnyang'anya samaki chambo mdomoni kwa furaha.

Akishika, mfululizo ni mmoja: kichwa chake kielekee kwako, juu ya magugu, bila kusita. Akizama na kufunga shina, acha kuvuta. Elekeza ufito kwake moja kwa moja, boti isogezwe juu yake, umfuate kwa mkono wenye glavu. Vivyo hivyo ndoano ikinasa kwenye mgunga uliozama: zungusha mshipi kwenye kipande cha mti na uvute kwa mti huo. Kupigana na mgunga kwa ufito ni kujitafutia bili.

Baada ya kila samaki, pitisha mita ya kwanza ya mshipi kati ya kucha. Ukihisi umekwaruzika, kata, funga upya. Kisha andika: saa, uzito wa chubwi, nini kilikatika. Daftari langu lina kurasa nyingi za vilivyokatika kuliko za samaki.

Kipande cha mbele cha ule ufito wangu uliovunjika nilimwachia nahodha. Amekipaka alama nyekundu kila sentimita 20, anapimia kina akikaribia mafunjo.