Santuri za soul na funk Lubumbashi: namna ya kuchagua, kuosha na kutunza

Santuri za soul na funk zinazopatikana Lubumbashi mara nyingi zimefanya kazi: zimecheza kwenye sherehe, kwa sindano nzito, kisha zikalala miaka chini ya kitanda. Ndiyo maana hali ya diski inatangulia jina la mwimbaji.

Anzia kwa wazee, hasa waliofanya kazi Gécamines, kampuni ya madini, au kwenye reli, pande za mitaa ya Kamalondo na Kenya mjini humu. Ingia na salamu, kaa kidogo, ndipo uulize: "Papa, muko na madisiki ya zamani ku nyumba?" Usichomoe tatu nzuri mbele yake, maana bei yake itapanda hapo hapo. Uliza bei ya katoni nzima. Mara nyingi itakuwa nafuu, na yeye atafurahi kupata nafasi.

Shika diski kwa ukingo na lebo tu, uipeleke dirishani mwanga uipige kwa upande. Taa ya juu huficha mikwaruzo. Pitisha ukucha polepole: mkwaruzo usiouhisi hutoa mlio mdogo, lakini ukucha ukikwama, utasikia "tak" kila sekunde 1.8 kwenye LP, diski kubwa inayozunguka mara 33⅓ kwa dakika. Mkwaruzo mbaya kuliko yote ni ule unaofuata mwelekeo wa mifereji, kwa sababu sindano hunaswa ikarudia neno lile lile. Ukiona utepe wa kijivu karibu na lebo, mifereji imeliwa na hakuna kuosha kutakakoirudisha. Kama kuna mashine ya kuchezea santuri, omba kusikia wimbo wa mwisho wa upande. Huko ndani mfereji hupita polepole chini ya sindano na mawimbi ya sauti yamebanana, kwa hiyo uchakavu husikika huko kwanza: herufi "s" zinakwaruza. Mistari mingi kuzunguka tundu inaonyesha mtu aliyekuwa akilitafuta gizani. Hiyo ni diski ya baa.

Diski ndogo za 45 za Marekani zichunguzwe zaidi. Baadhi ni polistirini, si vinili, na sindano mbovu huziharibu upesi. Tundu lake pana la milimita 38 linahitaji kipande cha kati.

Lebo nayo inasema umri. Lebo ya buluu ya Stax, kampuni ya soul ya Marekani, ni ya kabla ya kuachana na Atlantic, kampuni iliyoisambaza, mwaka 1968. Ya njano ni ya baadaye. James Brown alihamia kampuni ya Polydor mwaka 1971, kwa hiyo wimbo wake wa 1968 katika chapa ya kwanza ya Marekani kwa kawaida uko kwenye King, lebo yake ya awali. Herufi BIEM au SACEM, vyama vya haki za watunzi, ni dalili ya chapa ya Ulaya. Chapa hiyo isikusumbue kama unataka kusikiliza; ipunguze bei tu. Jalada la mwaka 1972 lenye msimbo wa mistari ni la kurudiwa. Jihadhari hivyo hivyo na Zamrock, roki ya Zambia, inayovuka mpaka wa Kasumbalesa: bendi za WITCH na Amanaz zimechapwa upya, na chapa za kwanza za miaka ya 1970 ni ghali.

Kwenye mashine ndiko wengi wanapoteza pesa. Umeme wetu ni volti 220, hezi 50. Mashine ya Marekani ya volti 120, hezi 60, ukiipa transfoma haitaungua, lakini transfoma haibadilishi hezi. Mota inayofuata hezi za umeme itazungusha LP kama mara 27.8 kwa dakika badala ya 33⅓, na mwimbaji atasikika kama amelewa. Tafuta mashine ya hezi 50, au yenye mota ya DC kama Technics SL-1200, ambayo volti yake tu ndiyo ya kuangalia. Weka na regileta, kifaa cha kutuliza volti, kwa sababu umeme ukirudi unaweza kurudi kwa nguvu. Uzito wa sindano ufuate kichwa chake, yaani kipande kinachoishika: Ortofon 2M Red ni gramu 1.8, Audio-Technica AT-VM95E ni gramu 2. Sarafu juu ya kichwa ili isiruke ni kuchimba mifereji.

Kuosha: mililita 800 za maji ya distile, mililita 200 za alkoholi ya isopropili, matone mawili ya sabuni ya vyombo. Maji ya betri yanafaa kama chupa imeandikwa "eau distillée". Ile ya "électrolyte" ni asidi. Maji ya bomba huacha chumvi ndani ya mifereji. Futa kwa kitambaa laini ukifuata mduara, lebo isilowe, suuza kwa maji ya distile matupu, simamisha ikauke. Diski za zamani za 78 usiziguse na alkoholi: nyingi ni shelaki, nayo huyeyuka.

Zisimamishe wima bila kuegemea. LP 100 na majalada yake hukaribia kilo 25, kwa hiyo ubao mwembamba utapinda. Ziweke mbali na ukuta msimu wa mvua, kwa sababu ukungu huanzia kwenye karatasi za ndani, badilisha zilizonuka. Zisiwe chini ya mabati yasiyo na dari, wala ndani ya gari lililosimama juani: kuanzia nyuzi 60 hivi vinili hulegea, na LP iliyopinda kama wimbi haifai kuibana kati ya vioo juani, kwani mara nyingi hutoka mbaya zaidi.