Somo: Kuchagua kava la bodi ya pikapu

Wakuu, wengi huchagua kava kwanza halafu ndio wanapima gari. Anza na gari. Kava lisiloendana na mdomo wa bodi, yaani ukingo wake wa juu, litavuja hata liwe la bei gani.

Hatua ya 1: Vipimo. Funga mlango wa nyuma. Pima urefu kwa ndani, kutoka ukuta wa mbele ulio nyuma ya kebini hadi upande wa ndani wa mlango huo. Futi ipite juu, usawa wa mdomo, si sakafuni: kwenye bodi nyingi ukuta wa mbele umelala kidogo, hivyo vipimo hivyo viwili havilingani. Andika kwa milimita. Upana upime mbele, katikati na nyuma. Malizia kona kwa kona, mshazari mmoja na wa pili. Ikitofautiana kama sentimita nzima, bodi imepinda, pengine iligongwa. Turubai litavumilia hali hiyo. Kava gumu halitakaa.

Hatua ya 2: Mdomo wa bodi. Pitisha vidole chini ya ukingo, mzunguko mzima. Klempu (kibano kinachoshikilia kava kwenye ukingo) inatakiwa ibane chuma kwa chuma. Kama bodi ina plastiki ya ndani iliyopanda hadi juu ya ukingo, klempu itabana plastiki, plastiki italainika kwa jua, na baada ya muda kava litaanza kucheza. Ikate pale klempu zinapokaa. Angalia pia kama kuna upinde wa chuma nyuma ya kebini au kulabu za mizigo zilizofungwa juu ya ukingo. Makava mengi hayawezi kupita hapo, na muuzaji asipokuuliza, mwambie wewe.

Hatua ya 3: Aina. Turubai la kuviringisha ni jepesi na mtu mmoja analitoa, ila kisu kinalimaliza kwa sekunde. Pia hujikaza kwenye baridi, kwa hiyo lifunge mara ya kwanza siku ya joto.

Gumu la kukunja, vipande 3 au 4 vya alumini au faiba, ndilo ningemshauri mtu mwenye kazi mchanganyiko. Ubaya wake ni maungio, ndipo maji hupenya mpira ukizeeka. Likikunjwa lote na kusimamishwa, huziba kioo cha nyuma.

Lile linalojivuta ndani ya boksi ni zuri kutumia, lakini boksi hula sentimita 20 hadi 30 za mbele ya bodi. Kwenye bodi fupi ya dabo kebini hiyo si nafasi ya kudharau.

La kipande kimoja huziba vizuri. Ukitaka kubeba friji iliyosimama, tafuta mtu wa pili wa kulinyanyua na mahali pa kuliacha.

Halafu jambo moja: kava gumu bila kufuli ya mlango wa nyuma ni pambo tu.

Hatua ya 4: Kufunga. Osha ukingo, ukauke. Weka reli (mihimili ya pembeni ambayo kava hukalia), kaza nati kwa mkono tu. Weka kava, lifunge, hakikisha nafasi ya kushoto na kulia ni sawa. Ndipo ukaze kwa spana, kushoto kidogo, kulia kidogo. Ukimaliza upande mmoja kwanza, reli huvutwa na kava linakaa kombo. Usipitilize nguvu iliyoandikwa kwenye maelekezo. Reli za alumini hupinda. Kaza tena baada ya wiki.

Kujua kama mpira wa kuzibia ulio chini ya kava unagusa ukingo, upake chaki, funga, fungua. Pasipoacha alama juu ya ukingo ndipo patakapovuja.

MASWALI

Swali: Mkuu, langu ni la boksi. Mvua ikinyesha maji yanamwagikia kona za mbele, wakati mpira ni mzima.
Jibu: Angalia mabomba ya kutolea maji yanayoshuka kutoka kwenye boksi. Majani na vumbi huyaziba, maji yanajaa na kufurikia ndani. Mimina maji juu, uone kama yanatoka chini ya gari. Yakigoma, zibua kwa waya laini wenye ncha ya mviringo, usitoboe bomba.

Swali: Maji hayaingii, ila vumbi limejaa. Kwa nini?
Jibu: Gari likitembea, hewa ya nyuma yake huvuta vumbi, nalo hupenya pembeni na chini ya mlango wa nyuma. Kava halihusiki. Bandika mpira wa mlango pande zote mbili na chini, hasa kwenye bawaba.

Swali: Naweza kupanga mizigo juu ya kava gumu?
Jibu: Kwa uzito ulioandikwa na mtengenezaji tu, tena uliosambazwa. Mtu akisimama juu, uzito wote unakaa kwenye nyayo mbili na maungio yanapinda.

Swali: Nililazimika kutoboa bodi. Kuna shida?
Jibu: Ondoa vyuma vilivyochongoka, paka rangi ya kuzuia kutu kwenye tundu, pande zote, kabla ya kuingiza bolti. Chembe za chuma zilizobaki sakafuni zifagie siku hiyo hiyo, maana zikilowa tu zinaacha madoa ya kutu.