Namna ya Kupima Hatari ya Mtuhumiwa Kurudia Ukatili Nyumbani

Afisa wa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi amhoji mlalamikaji faraghani, mbali na mume, mashemeji na yeyote aliyemsindikiza, kwani mbele yao huenda akasema aliteleza bafuni. Baada ya kumpa PF3, yaani fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa, aulize kwanza kama amewahi kukabwa shingo: mwanamume anayemkaba mkewe ni wa kuogopwa zaidi hata pale ambapo ngozi haina alama, na sauti iliyokauka au maumivu ya kumeza yaandikwe kwenye jalada. Kisha aulize kuhusu vitisho vya kuua, silaha, wivu wa kumfuatilia kila aendako, kupigwa akiwa mjamzito, na masharti ya dhamana yaliyokiukwa. Kipimo cha ODARA cha Ontario, Kanada, kinachokadiria hatari ya mtuhumiwa kurudia kumpiga mwenzi wake, kina maswali 13, na kila jibu la ndiyo huongeza alama. Lakini alama ndogo haibatilishi hofu ya mwanamke, ambaye humjua mtu wake kuliko karatasi yoyote. Kuachana nako kusihesabiwe kuwa usalama, maana kipindi cha mwanzo baada ya mke kuondoka kina hatari kubwa. Kwa hiyo tathmini irudiwe mtuhumiwa anapopewa dhamana, na mlalamikaji aarifiwe kabla mwanamume huyo hajatoka mahabusu.