Somo: kuchagua chuo cha usaidizi wa sheria (soma yote kabla ya kuniandikia inboksi)

Wiki hii pekee nimeulizwa jambo hili mara sita, na wawili kati ya walioniuliza walikuwa wameshalipa karo. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Mimi ni karani katika ofisi ya wakili hapa Kisumu, na diploma yangu niliipata baada ya kuungua mara moja.

1. Jua unachotaka. Kuna mafunzo mafupi ya wasaidizi wa sheria wa mashinani, ambayo mashirika kama FIDA Kenya na Kituo cha Sheria huendesha: ardhi, urithi, matunzo ya watoto. Halafu kuna diploma ya kukaa darasani, kama ile ya Kenya School of Law kule Karen, ya miaka miwili. Ofisi za mawakili huulizia hii ya pili. Usilipie moja ukidhani ni nyingine.

2. Toa cheti cha KCSE (mtihani wa kidato cha nne), tazama Kiingereza na Kiswahili ulipata ngapi, maana alama hizo ndizo huamua uombe nini.

3. Leseni. Hapa ndipo nilipoanguka.

Nilijiandikisha katika tawi la chuo fulani mjini Nakuru, ghorofa ya tatu, juu ya duka la viatu. Leseni ilikuwa ukutani ndani ya fremu, mhuri na kila kitu. Niliipiga picha nikamtumia mama, akaionyesha kanisa zima. Sikusoma mstari wa chini wenye anwani. Ilikuwa ya mji mwingine kabisa! Leseni ilikuwa halali, ila si ya jengo lile. Muhula wa pili tukaambiwa mtihani tutaufanyia makao makuu, kisha tukaambiwa tusubiri kidogo, kisha tukakuta kufuli mlangoni. Karo ya mihula miwili ikapotea hivyo. Risiti ninazo hadi leo kwenye bahasha ya kaki.

Anayetoa leseni ni Baraza la Elimu ya Sheria, chini ya Sheria ya Elimu ya Sheria ya 2012, na orodha ya vyuo vyenye leseni iko kwenye tovuti yake. Soma jina la chuo, halafu tawi, halafu kozi, halafu tarehe ya mwisho. Kimoja kikikosa, usilipe. Ukiambiwa "tumeomba, inashughulikiwa", chukua mkoba uondoke. Ukionyeshwa usajili wa TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi, hiyo ni karatasi nyingine, haichukui nafasi ya leseni ya Baraza. Na msidhani ni urasimu tu: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inamtambua msaidizi wa sheria kuwa mtu aliyemaliza mafunzo katika taasisi iliyoidhinishwa na Baraza hilo. Bila hivyo una cheti cha kupamba sebule.

4. Nenda siku ya kazi, saa za masomo. Uone mwalimu akifundisha.

5. Uliza wanafunzi waliopita walifanyia wapi atachimenti, yaani mazoezi ya kazini. "Mtajitafutia" si jibu zuri, ingawa si dhambi.

6. Lipa kwa benki au paybill ya chuo. Kamwe si kwa namba ya simu ya "msajili".

MASWALI

Kijana wa Kondele: Niambie tu chuo kizuri Kisumu ni gani na karo ni ngapi.
— Hatua ya 3.

Kijana wa Kondele: Hujanijibu.
— Nimekujibu. Nikitaja chuo leo na leseni yake iishe mwezi ujao, utarudi kunitukana. Orodha ni bure, bando dogo linatosha.

Mkulima wa Njoro: Na wewe ulikosaje kusoma anwani? Ndiyo unataka kazi ya sheria?
— Nilikuwa na miaka 19. Wewe mzee, masharti ya mkopo wa Fuliza uliyasoma yote?

Binti wa Kakamega: Dada, samahani kwa swali refu. Nilipata C+ ya jumla, Kiingereza C, Kiswahili B. Nataka hatimaye niwe wakili. Nianze na diploma?
— Karibu, na usiombe samahani. Kigezo cha kusomea uwakili ni C+ ya jumla na B ya Kiingereza AU Kiswahili. Hiyo "au" ndiyo mali yako. Watu wengi hulilia Kiingereza na B ya Kiswahili imelala kabatini. Kwa alama hizo omba shahada moja kwa moja. Kabarak, Egerton na Moi zote zina sheria, na hata huko angalia orodha ya Baraza. Wanaotaka kupandia ngazi ya diploma ndio wenye safari ngumu. Suala lao, kama diploma inaweza kufidia alama za KCSE, limezungushwa mahakamani miaka mingi. Ingia tovuti ya Kenya Law, ni bure, usome hukumu za karibuni mwenyewe. Utakuwa umeanza masomo hivyo.

Fundi wa Siaya: Nikimaliza diploma naweza kufungua ofisi, niandikie watu hati za kuuziana mashamba?
— Hapana. Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, inamkataza asiye wakili kutayarisha hati hizo kwa malipo. Utamfanyia kazi wakili.

Mama Wawili: Nyongeza kutoka kwa karani mwenzenu wa Nakuru: jifunzeni kuchapa haraka. Siku hizi hati huwasilishwa mahakamani kwa mtandao, na hati ya kiapo iliyoskaniwa kichwa chini inarudi.
— Na kurasa zipewe namba, mama, usiwasahaulishe. Anayesubiri muhula aende akae mahakamani hapa Kisumu asubuhi. Kesi nyingi husikizwa wazi. Vaa vizuri, zima simu, sikiliza "kutajwa" (kesi kupangiwa hatua na tarehe) na "kusikizwa" (ushahidi na hoja kutolewa) zinavyotofautiana.

Kijana wa Kondele: Sawa, nimeangalia. Jina la chuo lipo. Tawi la hapa silioni. Nilikuwa nilipe Ijumaa.
— Usilipe, kaka. Piga simu Baraza, taja tawi hilo kwa jina, kisha omba wakujibu kwa barua pepe ili ubaki na maandishi. Wakisema lina leseni, rudi hapa utuambie.