Kuchagua chuo cha udaktari wa mifugo: piga hesabu kabla hujapenda jina

Msimu wa maombi ukifika huwa naletewa orodha. Mwombaji ameandika vyuo vitano au sita, amevipanga kwa sifa, na pembeni ya kila kimoja ameweka ada ya mwaka wa kwanza. Kisha anauliza: "Daktari, niende kipi?" Orodha ya namna hiyo haijibiki. Majuzi nimemsaidia mpwa wangu kuipanga upya ya kwake, na utaratibu tuliofuata ni huu.

Fungua lahajedwali (spreadsheet), yoyote ile, hata ya bure, na kila chuo kipe safu yake. Vikokotoo vya gharama vilivyo kwenye tovuti za vyuo viache: vingi hukuonyesha kile ambacho chuo kitakutoza, si kile utakachotumia. Na orodha za vyuo bora duniani zifunge kabisa. Zinapima zaidi machapisho ya utafiti na umaarufu miongoni mwa wanataaluma. Hazitakuambia kama mwanafunzi wa mwaka wa mwisho amewahi kuhasi paka kwa mikono yake mwenyewe au alisimama nyuma ya wenzake kumi akichungulia.

Hatua ya 1: Amua utafanya kazi nchi gani

Shahada peke yake haikuruhusu kutibu mnyama. Ruhusa inatoka kwa mamlaka ya usajili ya mahali utakapofanya kazi: Tanzania ni Baraza la Veterinari, Kenya ni Bodi ya Veterinari, Uingereza ni RCVS, Marekani kila jimbo lina bodi yake. Andika nchi moja, na ya pili kama akiba. Ukiandika "popote" hutaweza kuendelea na hatua inayofuata.

Hatua ya 2: Kagua ithibati, na usome neno lililotumika

Nenda kwenye tovuti ya mamlaka yenyewe, usiishie kwenye kipeperushi cha chuo. Chuo kikisema "kinatambulika kimataifa", uliza kinatambuliwa na nani. Ulaya kuna EAEVE, jumuiya ya vyuo vya fani hii barani humo, inayokagua vyuo vya udaktari wa mifugo kwa zamu, lakini usajili bado unatolewa na nchi. Kwa Marekani na Kanada, orodha ya kutazama ni ya AVMA, chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani. Vimo ndani yake hata baadhi ya vyuo vya mbali, kama Royal Veterinary College ya London, Utrecht ya Uholanzi, Massey ya New Zealand na UNAM ya Mexico.

Chuo kipya kinahitaji macho mawili. Kwa AVMA, ithibati ya muda inatosha, maana wahitimu wake wanahesabiwa sawa na wa chuo chenye ithibati kamili. Ile barua ya awali inayosema tu kwamba mpango wa chuo unaonekana kukidhi viwango bado si ithibati.

Ukisoma chuo ambacho hakimo kwenye orodha, mlango haujafungwa, ila una bei. Kwa Marekani utapitia ECFVG au PAVE, njia mbili za kuwapima wahitimu wa vyuo visivyo na ithibati ya AVMA. Njia ya ECFVG ina uhakiki wa vyeti, uthibitisho wa Kiingereza, mtihani wa nadharia, kisha mtihani wa vitendo wa siku tatu wenye sehemu saba: dawa za usingizi, farasi, mifugo ya chakula, uchunguzi wa mzoga, eksirei, tiba ya wanyama wadogo na upasuaji. Bado kuna NAVLE, mtihani wa leseni wanaoufanya wote. Uingereza nao wana mtihani wa RCVS kwa wahitimu wa vyuo wasivyovitambua. Ada za mitihani hiyo, safari zake na miezi utakayokaa bila kuajiriwa ni sehemu ya bei ya chuo ulichokiona rahisi. Ziingize kwenye safu yake.

Hatua ya 3: Gharama yote, mpaka siku ya leseni

Hapa mimi na mpwa wangu tulipoteza jioni nzima, kwa hiyo nitaeleza kwa urefu.

Anza na miaka. Ada ya mwaka mmoja wa chuo hiki hailinganishwi na ya chuo kile kama urefu wa masomo haulingani. Uingereza kozi nyingi ni miaka 5, Cambridge ni 6. Budapest ni mihula 11. Marekani ni miaka 4, lakini kabla yake lazima umalize masomo ya sayansi yanayotakiwa, na wengi huingia wakiwa na shahada nzima mkononi. Kwa hiyo "miaka 4" ya Marekani kwa kawaida ni 8. Na kila mwaka wa ziada darasani ni mwaka usiolipwa mshahara.

Pili, usizidishe ada ya mwaka wa kwanza mara tano. Ada hupanda. Ikianza 10,000 (weka sarafu yoyote) na kupanda asilimia 4 kila mwaka, jumla ya miaka 5 ni takriban 54,160, si 50,000. Waulize chuo kwa barua pepe: je, ada itabaki ile ya mwaka wa kuingia mpaka nihitimu? Vingine hukubali, na jibu la maandishi litunze.

Tatu, ada ya mkazi na ya mgeni. Kwenye vyuo vya umma tofauti inaweza kuwa kubwa kuliko punguzo lolote utakalopewa. Baadhi ya majimbo ya Marekani humruhusu mwanafunzi kuhesabiwa mkazi baada ya mwaka wa kwanza, mengine hayamruhusu hadi anamaliza. Soma masharti hayo kabla ya kusoma habari za ufadhili.

Nne, mafunzo ya vitendo nje ya chuo. Hiki ndicho kifungu ambacho karibu kila mtu hukiacha wazi. Utakwenda mashambani, machinjioni, kwenye kliniki na maabara, mara nyingi bila malipo, na chumba chako cha chuoni unaendelea kukilipia. Huko utalipia nauli, pengine chumba cha pili, na likizo ambayo ungefanya kazi ya kujipatia hela imekwenda. Vyuo visivyo na hospitali kamili ya kufundishia, kama Nottingham na Surrey kwa Uingereza au Western University ya California, huwapeleka wanafunzi kwenye kliniki na mashamba ya washirika. Mfumo huo hauna ubaya. Kliniki ya kawaida inakuonyesha magonjwa ya kawaida, na hayo ndiyo utakayoyakuta kazini. Ila uliza: kituo cha mbali kabisa kiko umbali gani? Malazi analipa nani? Naweza kufika bila gari? Kama jibu la swali la mwisho ni hapana, gari na mafuta ni gharama ya masomo.

Tano, vitu vidogo visivyo vidogo: chanjo ya kinga dhidi ya kichaa cha mbwa, ambayo ni dozi zaidi ya moja na vyuo vingi huidai kabla hujaanza kushika wanyama, ovaroli, gambuti, stethoskopu, vifaa vya kupasulia, bima ya afya, viza na kuihuisha ukienda nje, ada ya mtihani wa leseni na ya usajili wa kwanza.

Sita, mwaka wa kurudia. Uliza ni wangapi kati ya walioingia wanaohitimu kwa wakati. Chuo kikikwepa swali, mimi huongeza mwaka mmoja wa gharama kwenye safu yake na kuendelea.

Hatua ya 4: Geuza jumla kuwa deni

Ukikopa 10,000 mwanzoni mwa kila mwaka kwa miaka 5, riba asilimia 6 ikijilimbikiza tangu siku ya kwanza, unahitimu ukidaiwa takriban 59,750. Ukilipa kwa miaka 10 ni kama 8,120 kwa mwaka, jumla 81,190. Ukivuta hadi miaka 20, malipo ya mwaka yanashuka hadi 5,210 lakini jumla inafika 104,190. Kama mkopo wako hauhesabu riba wakati unasoma, hesabu ni nyepesi zaidi, na sharti hilo peke yake linaweza kugeuza uamuzi. Ukikopa kwa sarafu moja na utalipwa kwa nyingine, rudia hesabu ukidhani sarafu yako imeshuka kwa robo.

Hatua ya 5: Linganisha na mshahara wa kuanzia

Tumia mshahara wa daktari aliyeajiriwa mwaka huu, katika nchi ya hatua ya 1. Wa mwenye kliniki ya miaka 20 hautakusaidia. Gawanya deni kwa mshahara huo wa mwaka. Likiwa chini ya mshahara wa mwaka mmoja, lala usingizi. Likizidi mshahara wa miaka miwili, namwambia mwombaji atafute chuo kingine, na hapo ndipo tunapogombana, kwa sababu kawaida ndicho chuo chenye jina.

Hatua ya 6: Waulize wanafunzi wa mwaka wa mwisho

Watafute wawili wa kila chuo ambao ofisi ya udahili haikukuchagulia. Wamefanya upasuaji mara ngapi wakiwa wao ndio wenye kisu? Wamezalisha ng'ombe? Nani hubeba simu ya dharura usiku? Matokeo ya NAVLE usiwaulize, yasome: vyuo vilivyo chini ya AVMA hutakiwa kuyachapisha, na asilimia 80 ya kufaulu ndicho kiwango kinachotazamwa.

Vikibaki viwili vinavyokaribiana kwa deni, chukua chenye mikono mingi juu ya wanyama. Kabla ya kulipa amana ya kushikilia nafasi, soma kama inarudishwa na mwisho wake ni lini, kwa sababu majibu ya ufadhili mara nyingi huja baada ya tarehe hiyo. Omba kuongezewa muda kwa maandishi. Wengine hukubali.