Jinsi ya Kuamua Kama Klabu ya NFL Imwongezee Mkataba Mkimbiaji Wake Mkuu

Katika NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, mchezaji aliyechaguliwa kwenye drafti, yaani utaratibu ambao klabu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, raundi baada ya raundi, husaini mkataba wa miaka minne, na kanuni haziruhusu mkataba huo kujadiliwa upya kabla ya msimu wake wa tatu kumalizika. Kwa mkimbiaji, yaani yule anayekabidhiwa mpira na kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) kisha akapenya nao katikati ya walinzi, hii ina maana kwamba siku anayoruhusiwa kudai fedha kubwa humkuta akiwa amekwisha kuangushwa chini mara mamia. Hakuna nafasi nyingine uwanjani ambapo mchezaji hutoa ubora wake mapema kiasi hicho na kulipwa kwa kuchelewa kiasi hicho. Ndiyo maana uamuzi wa kumwongezea mkataba mkimbiaji unahitaji utaratibu wake, na haufai kufanywa kwa kuangalia jumla ya yadi (kipimo cha umbali aliosogea na mpira, yadi moja ikiwa chini kidogo ya mita) za msimu uliopita.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Kabla ya kuuliza kama anastahili, klabu iulize inanunua miaka ipi ya maisha yake ya uchezaji, na ni lini itaweza kuachana naye bila kubeba gharama nzito. Mkimbiaji mzuri sana anaweza kuwa na mkataba mbaya sana, na mara nyingi ubaya huo umo katika tarehe kuliko katika kiasi cha fedha.

Anza na kalenda

Hesabu kwanza miaka ambayo klabu tayari inammiliki. Aliyechaguliwa katika raundi ya kwanza ana miaka minne, na klabu ina hiari ya kuongeza mwaka wa tano, ambao mshahara wake huwa wa uhakika, yaani lazima ulipwe hata akiachwa, mara hiari hiyo inapotumiwa. Baada ya hapo klabu inaweza kumwekea tegi, yaani kumzuia kwa msimu mmoja zaidi kwa mshahara unaopangwa kwa kufuata malipo ya juu ya wachezaji wa nafasi yake. Mwaka 2023 tegi ya mkimbiaji ilikuwa takriban dola milioni 10.1. Kwa hiyo kijana aliyeingia ligini akiwa na umri wa miaka 22 anaweza kushikiliwa hadi anapokaribia miaka 28 bila kuongezewa mwaka hata mmoja. Andika miaka hiyo kwenye karatasi, halafu mbele yake andika miaka ambayo mkataba mpya utaiongeza. Ukigundua kwamba miaka yote mipya inaanza akiwa na miaka 27 au 28, umekwisha kupata nusu ya jibu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Todd Gurley. Julai 2018 Los Angeles Rams walimwongezea miaka minne kwa dola milioni 60, na kati ya hizo milioni 45 zilikuwa za uhakika, ilhali bado alikuwa na misimu miwili katika mkataba wake wa awali. Msimu ule alicheza kwa kiwango cha juu, lakini goti lilikwisha kuanza kumsumbua, na katika Super Bowl (fainali ya ligi) ya Februari 2019 alibeba mpira mara 10 tu. Machi 2020 klabu ikamwacha. Miaka minne iliyoongezwa ilikuwa haijaanza hata siku moja. Rams hawakukosea kumwona Gurley kuwa mkimbiaji bora. Walikosea kulipia mapema kitu ambacho bado walikuwa nacho mkononi kwa bei nafuu.

Kwa sababu hiyo nashauri hivi: ikiwa imebaki zaidi ya misimu miwili ambamo klabu inaweza kumtumia bila mkataba mpya, isubiri, isipokuwa mchezaji anakubali bei ambayo kwa dhahiri ni ya chini ya soko.

Tenganisha kazi yake na kazi ya wale watano

Hii ndiyo hatua inayohitaji subira kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Mbele ya mkimbiaji kuna wanaume watano wa safu ya mbele ambao kazi yao ni kumfungulia njia, na sehemu kubwa ya yadi zinazoandikwa kwa jina lake zimetengenezwa na mabega yao. Historia ya Denver Broncos inalionyesha jambo hili vizuri. Terrell Davis alikimbia yadi 2,008 mwaka 1998, akaumia goti mwaka uliofuata, na nafasi yake ikachukuliwa na Olandis Gary, aliyechaguliwa katika raundi ya nne, ambaye alipata yadi 1,159. Mwaka 2000 akaja Mike Anderson, wa raundi ya sita, akapata yadi 1,487. Davis alikuwa mchezaji wa pekee, na yumo katika Ukumbi wa Umaarufu kwa haki. Hata hivyo mfumo wa kuzuia wa timu ile ulikuwa na uwezo wa kumfikisha mtu mwingine mbali.

Kinyume chake pia ni kweli. Saquon Barkley alipata yadi 962 akiwa na New York Giants mwaka 2023, wastani wa yadi 3.9 kila alipobeba mpira. Mwaka uliofuata, nyuma ya safu imara ya Philadelphia Eagles, alipata yadi 2,005 kwa wastani wa 5.8. Mtu ni yuleyule. Aliyetazama takwimu za 2023 peke yake angesema amechoka.

Njia bora ya kupima ni kumlinganisha na mwenzake anayecheza nyuma ya safu ileile, katika msimu uleule. Mwaka 2022 Dallas Cowboys walikuwa na Ezekiel Elliott, ambaye Septemba 2019 aliongezewa miaka sita kwa dola milioni 90, na Tony Pollard, aliyekuwa bado katika mkataba wake wa kwanza kama mchezaji wa raundi ya nne. Elliott alibeba mpira mara 231 akapata yadi 876, wastani wa 3.8, Pollard alibeba mara 193 akapata yadi 1,007, wastani wa 5.2. Hapa nakuomba uwe mwadilifu kwa Elliott, kwa kuwa yeye ndiye aliyepewa mpira pale zilipohitajika yadi moja au mbili karibu na mstari wa goli, na kazi ya namna hiyo hushusha wastani wa mtu yeyote. Hata ukilitoa jambo hilo, pengo linabaki kubwa mno kwa mchezaji anayelipwa mara nyingi zaidi. Cowboys walimwacha Machi 2023.

Unapotazama video za michezo, zingatia mambo mawili. La kwanza ni yadi anazopata baada ya kuguswa na mlinzi, kwa kuwa hizo ni zake mwenyewe. La pili ni anachofanya safu ya mbele inaposhindwa: je, anaangushwa nyuma ya mstari ambapo mchezo ulianzia, au anageuza hasara ya yadi mbili kuwa faida ya yadi mbili? Yadi nne hizo hakuna anayezishangilia uwanjani, lakini ndizo zinazofaa kulipiwa.

Soma mwili wake, usisome umri pekee

Umri ni kipimo cha haraka, na ni kipimo kizuri kiasi, ila idadi ya mara alizobeba mpira hueleza zaidi. Jumlisha na zile za chuo kikuu. DeMarco Murray alibeba mpira mara 392 akiwa na Dallas mwaka 2014, akaongoza ligi kwa yadi 1,845, na klabu ikamwacha aende Philadelphia, ambako mwaka 2015 alipata yadi 702 pekee. Aliinuka tena mwaka 2016 akiwa Tennessee kwa yadi 1,287, kwa hiyo tusiseme kwamba mwili wake ulikwisha. Tuseme kwamba mwaka unaofuata mzigo wa namna ile ni mwaka hatari wa kununua.

Derrick Henry ni upande wa pili wa hoja hiyohiyo. Misimu yake miwili ya kwanza Tennessee alimsaidia Murray, akabeba mpira mara 110 na kisha 176 tu. Wakati huo ilionekana kama kucheleweshwa. Mwaka 2024, akiwa na Baltimore Ravens na umri wa miaka 30, alikimbia yadi 1,921. Ana umbo ambalo wakimbiaji wachache wanalo, na klabu isitarajie kila mtu afanane naye, lakini mzigo mwepesi wa mwanzo haupaswi kupuuzwa katika hesabu.

Kuhusu majeraha, klabu ina faida ya pekee: madaktari wake wamemhudumia kwa miaka mitatu au minne. Klabu inayojua hali ya magoti ya mchezaji wake kuliko klabu nyingine yoyote, kisha ikaweka taarifa hiyo kando kwa sababu mashabiki wanalipenda jina lake, imejidhuru yenyewe.

Uliza anafanya nini asipokuwa na mpira

Ligi ya sasa inategemea pasi. Mkimbiaji anayetolewa nje kila inapotakiwa pasi huiambia timu pinzani kinachokuja. Anayeweza kumzuia mlinzi anayemvamia kwotabeki, na pia kudaka mpira akiwa wazi, hubaki uwanjani katika hali zote. Christian McCaffrey mwaka 2019 alipata yadi 1,387 kwa kukimbia na 1,005 kwa kudaka, akawa mtu wa tatu katika historia ya ligi kufikisha 1,000 katika yote mawili. Mchezaji wa aina hii unamlipa kama watu wawili, na ni haki. Hata hivyo hakuna kipaji kinachoondoa hatari: baada ya Carolina Panthers kumwongezea miaka minne kwa dola milioni 64 mwaka 2020, alicheza mechi 10 tu kati ya 33 za misimu miwili iliyofuata, na Oktoba 2022 alipelekwa San Francisco kwa kubadilishana na nafasi nne za drafti.

Soma masharti, acha kichwa cha habari

Kiasi kinachotangazwa ni kwa ajili ya magazeti. Tazama fedha za uhakika, na tazama bonasi ya kusaini, ambayo kwa hesabu za kikomo cha mishahara (kiasi cha juu ambacho klabu inaruhusiwa kutumia kwa wachezaji wake katika msimu) husambazwa sawasawa kwa hadi miaka mitano. Chukua bonasi ya dola milioni 20 katika mkataba wa miaka minne: kila mwaka huhesabiwa milioni 5. Klabu ikimwacha baada ya miaka miwili, milioni 10 zilizobaki hurudi zote kwenye hesabu zake, zikikalia nafasi ya mchezaji ambaye hayupo. Hizo huitwa fedha mfu. Zinaweza kugawanywa katika misimu miwili akiachwa baada ya Juni 1, lakini hazifutiki.

Kwa hiyo jenga mkataba ambao mlango wa kutokea uko mwisho wa mwaka wa pili. Fedha za uhakika zikae mwanzoni, bonasi iwe ndogo, na mshahara wa kawaida uwe mkubwa. Kikomo cha mishahara kilikuwa dola milioni 255.4 mwaka 2024 na milioni 279.2 mwaka 2025. Kinapopanda hivyo, kumlipa mkimbiaji vizuri kwa misimu miwili kunabebeka, ilhali kumfunga kwa misimu mitano bado ni kamari.

Mpime mbadala kwa uaminifu

Le'Veon Bell alikataa tegi ya dola milioni 14.5 na hakucheza msimu wote wa 2018. Pittsburgh Steelers wakampa kazi James Conner, wa raundi ya tatu, naye akapata yadi 973 na tachidauni 12 za kukimbia (mara alizovuka mstari wa goli na mpira) katika mechi 13. Kansas City Chiefs walimchukua Isiah Pacheco katika raundi ya saba mwaka 2022, na Februari 2023 alikuwa mkimbiaji mkuu wa mabingwa. Mifano kama hii ni mingi katika nafasi hii, na huwezi kuipata kirahisi kwa kwotabeki. Hata hivyo mbadala lazima awe mtu, si dhana: kama hakuna kijana ndani ya kikosi aliyekwisha kuonyesha uwezo, bei ya kumkosa mkimbiaji wako ni kubwa kuliko jedwali linavyoonyesha.

Lini useme ndiyo

Sema ndiyo ikiwa mambo matatu yamekutana: yadi zake ni zake mwenyewe, timu iko tayari kushinda sasa, na miaka ya uhakika haizidi miwili. Tennessee walifanya hivyo Julai 2020. Walimwekea Henry tegi kwanza, kisha wakampa miaka minne kwa dola milioni 50. Msimu uleule alikimbia yadi 2,027, na alibaki klabuni hadi mkataba ulipokwisha. Machi 2025, baada ya ubingwa, Eagles walimwongezea Barkley miaka miwili kwa dola milioni 41.2. Ni fedha nyingi, na muda ni mfupi, na naona mpangilio huo ni sahihi kwa pande zote mbili.

Timu inayojijenga upya isiingie humo. Miaka bora ya mkimbiaji itapita kabla kikosi hakijakamilika, na njia ya heshima kwake na kwa klabu ni kumtafutia timu nyingine angali na thamani.

Mwisho, andika bei ya juu kabisa utakayokubali kabla ya kukaa na wakala, na umweleze mchezaji mwenyewe ukweli kuhusu msimamo wa klabu. Akiwa amewekewa tegi, kumbuka kwamba katikati ya Julai ndiyo mwisho wa kukubaliana mkataba mrefu. Tarehe hiyo ikipita, atacheza mwaka mmoja tu kwa kiasi cha tegi. Mazungumzo yaanze Machi, wakati pande zote bado zina muda wa kusikilizana.