SOMO: Kuchagua vipande vinavyooana vya upinde wako wa kwanza wa shabaha

Upinde ninaouzungumzia ni ule wa Olimpiki, unaofunguka vipande vitatu: mpini katikati na mabawa mawili. Ndio aliotumia Shehzana Anwar, aliyebeba bendera ya Kenya kule Rio mwaka 2016. Wengi hukimbilia mpini wenye rangi nzuri, kisha wanahangaika kutafuta vya kuufuata. Anza na mwili wako.

1. Mvuto, yaani urefu unaovuta upinde unapolenga, kwa inchi. Nyosha mikono pande zote, mtu akupime toka ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya pili, kwa inchi. Gawanya kwa 2.5. Mwenye inchi 70 anapata mvuto wa 28.

2. Mpini na mabawa. Mipini ya kawaida ni inchi 23, 25 na 27. Mabawa ni mafupi, ya kati na marefu. Mpini wa 25 na mabawa ya kati hutoa upinde wa 68, unaomfaa vizuri mwenye mvuto wa 28. Vyote viwe vimeandikwa ILF, mfumo wa kuunga mabawa na mpini unaotumiwa na kampuni nyingi, ndipo bawa la kampuni hii litakaa kwenye mpini wa kampuni ile. Kampuni ya Hoyt wana mfumo mwingine uitwao Formula, na hauingiliani na ILF. Soma tangazo mpaka mwisho kabla hujatuma pesa.

3. Uzito, yaani nguvu ya kuvuta upinde, kwa paundi. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Paundi zilizoandikwa kwenye bawa zimepimwa kwa mvuto wa inchi 28, juu ya mpini wa 25. Kila inchi unayozidisha inaongeza kama paundi 2, na unayopunguza inapunguza hivyo hivyo. Mpini wa 23 nao unaongeza kama 2. Mtu mzima anayeanza, paundi 20 hadi 24 zinamtosha kabisa. Ukijikaza na 36, bega litapanda, mkono utatetemeka, na utajifunza kuogopa upinde badala ya kulenga.

4. Upote, yaani kamba ya upinde. Agiza kwa urefu wa upinde. Ule wa 68 ukiupima utaukuta pungufu kwa inchi 3 au 4. Ndivyo unavyotakiwa kuwa.

5. Mishale, mwisho kabisa. Ugumu wake hupimwa kwa kuulaza mshale juu ya vishikizo viwili, kisha kuning'iniza uzito katikati na kuangalia umepinda kiasi gani. Kwa hiyo namba kubwa ni mshale laini: 1000 ni laini kuliko 500. Upinde mwepesi unataka mshale laini. Fuata jedwali la mtengenezaji, na mwanzoni uache mshale mrefu kidogo, maana mvuto wako utaongezeka ukishazoea.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo mwalimu. Nina upinde wa mti wa marehemu babu, huku Kilifi. Naweza kuufunga upote wa kisasa?*
Marahaba mwanangu. Zile nyuzi zisizonyumbuka, hapana. Zinaweza kupasua ncha za mti. Tafuta za Dacron, uzi unaonyumbuka kidogo.

*Kaka, natumia mkono wa kulia ila jicho langu lenye nguvu ni la kushoto. Ninunue upi?*
Fuata jicho. Chukua wa kushoto, yaani unaovutwa kwa mkono wa kushoto. Mkono utazoea, na mpini wa kulia haugeuziki.

*Nikishaufunga, naweza kuvuta na kuachia bila mshale, kuujaribu tu?*
Usithubutu, ndugu yangu. Nguvu ambayo ingeondoka na mshale inarudi yote kwenye mabawa, na yanaweza kupasuka usoni mwako.